Mji Mpya Ukizaliwa Georgia, Waliobaki Nje ya Mpaka Hawaulizwi

Nchini Marekani mtu anaweza kuishi mahali penye watu laki moja, penye hospitali, maghorofa ya ofisi, maduka makubwa na foleni ya magari asubuhi na jioni, na bado asiwe mkazi wa mji wowote. Anwani yake ya posta inataja jina la mji na barua zinamfikia, lakini hana meya wala diwani. Juu yake ipo kaunti, na juu ya kaunti lipo jimbo, basi. Kibali cha kujenga anakifuata kaunti, shimo la barabarani linazibwa na kaunti, na akipiga simu usiku kwamba amevamiwa, anayekuja ni askari wa kaunti. Mamilioni ya Wamarekani wanaishi hivyo maisha yao yote, na wengi hawaoni kasoro.

Kisha katika baadhi ya maeneo hayo hujitokeza watu wanaosema wamechoka kutawaliwa na ofisi iliyo mbali. Wanataka mji wao, wenye halmashauri yao na bajeti yao. Wanachora ramani, wanamtafuta mbunge wa jimbo, wanapita nyumba kwa nyumba, na siku ya kura wakishinda, mji unazaliwa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hiyo inavutia, na hata mimi inanivutia. Lakini kadiri nilivyoifuatilia, hasa katika jimbo la Georgia, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kura ni hatua ya mwisho na wala si hatua kubwa. Uamuzi mkubwa ni wa kuchora mpaka. Unafanywa mapema, na watu wachache, na wale watakaoachwa nje ya mpaka huo hawana pa kusemea.

Kwetu hadhi ya mji hushuka kutoka juu. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, Rais John Magufuli akiwa jukwaani kwenye sherehe za Muungano. Februari 2021 rais huyohuyo aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kenya wana utaratibu mrefu zaidi: sheria ya mwaka 2011 ya maeneo ya miji na majiji inaweka vigezo, bunge la kaunti na Seneti vinapitisha, kisha rais anakabidhi hati, kama Uhuru Kenyatta alivyofanya Nakuru tarehe 1 Desemba 2021 na William Ruto alivyofanya Eldoret Agosti 2024. Katika mifano yote hiyo hakuna mkazi aliyeingia kituo cha kura kuulizwa kama anataka. Ndiyo maana mtu aliyekulia Ilala au Nakuru akisikia kwamba kuna nchi ambako wakazi wenyewe hupiga kura kuunda mji, huona hiyo ndiyo demokrasia kamili. Kwa wale waliomo ndani ya ramani, ni kweli.

Katiba ya Marekani haizitaji serikali za miji hata mara moja. Mwaka 1907, katika kesi ya Hunter dhidi ya Pittsburgh, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema wazi kwamba mji ni chombo cha jimbo: jimbo linaweza kuupa mamlaka, kuyapunguza, kuupanua mji, kuuunganisha na mwingine au kuufuta kabisa. Kwa hiyo njia ya kuwa mji haifanani kutoka jimbo hadi jimbo. Kwingine wakazi huanza kwa kukusanya saini. Georgia wanapitia bungeni.

Mbunge wa eneo husika huwasilisha mswada wenye hati nzima ya mji unaotakiwa: jina, mipaka, idadi ya madiwani, mamlaka ya meya, ukomo wa kodi. Huagizwa upembuzi yakinifu, mara nyingi kutoka Taasisi ya Carl Vinson ya Chuo Kikuu cha Georgia. Mabaraza yote mawili ya bunge yakipitisha na gavana akitia saini, wapiga kura waliomo ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye mswada huulizwa: ndiyo au hapana. Ndiyo zikizidi nusu, unafuata uchaguzi wa meya na madiwani, kisha kipindi cha mpito ambacho kaunti inaendelea kutoa huduma wakati mji unajipanga. Sheria inataka mji utoe angalau huduma tatu kutoka orodha yenye polisi, zimamoto, barabara, taka, maji, ukaguzi wa ujenzi, mipango ya ardhi na viwanja vya michezo. Tatu tu. Peachtree Corners, ulioanza mwaka 2012, uliingia ulimwenguni bila polisi wake. Kazi hiyo ikabaki kwa kaunti ya Gwinnett.

Upembuzi yakinifu unataka kujua kama mapato ya eneo hilo yatatosha kuendesha huduma zake. Mapato yenyewe ni kodi ya majengo, leseni za biashara na za pombe, mgawo wa kodi ya mauzo, na ada ambazo kampuni za umeme, gesi na kebo hulipa kwa miji zinakopitisha nyaya na mabomba. Hesabu zikionyesha ziada, mswada unasonga. Kaunti itabaki na nini baada ya eneo hilo kuondoka, hilo si sharti la mji kuzaliwa. Ubaya wote ninaouzungumzia unaanzia hapo.

Ili kuuelewa, inabidi kuijua kaunti ya Fulton. Ni ndefu na nyembamba, karibu kilomita 110 kutoka kaskazini hadi kusini, kwa sababu mwaka 1932, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, kaunti mbili zilizokuwa hoi kifedha, Milton upande wa kaskazini na Campbell upande wa kusini, ziliunganishwa nayo. Jiji la Atlanta liko katikati. Kaskazini walijaa Wazungu wenye kipato kikubwa. Kusini wengi ni Wamarekani Weusi. Sandy Springs iko kaskazini, inapakana na Atlanta, na mwaka 1966 Atlanta ilijaribu kuichukua; wapiga kura wa huko wakakataa. Kuanzia miaka ya 1970 wakaanza kutaka mji wao. Aliyeibeba hoja hiyo kwa miaka thelathini ni Eva Galambos, mchumi aliyezaliwa Berlin katika familia iliyowakimbia Wanazi.

Haki yao tuwape. Malalamiko yao hayakuwa ya kubuni. Makamishna wa kaunti, wengi wao wakichaguliwa kwingine, ndio walioamua wapi Sandy Springs pajengwe maghorofa ya kupangisha na wapi paachwe. Kodi iliyokusanywa kaskazini ilihudumia kaunti nzima, na watu wa kaskazini waliona wanacholipa hakirudi mitaani kwao. Mtu anayetaka uamuzi kuhusu barabara ya mtaani kwake ufanywe na jirani anayeweza kumsimamisha sokoni na kumhoji anadai kitu cha halali. Nisingependa msomaji adhani kwamba kila aliyetaka mji alikuwa na chuki moyoni.

Mswada ulikwama mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa Wademokrati waliolishika bunge la jimbo hawakuutaka. Uchaguzi wa Novemba 2004 ukawapa Warepublican Baraza la Wawakilishi la Georgia kwa mara ya kwanza tangu miaka iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na ndani ya miezi michache mambo yakaenda mbio. Kanuni iliyozuia mji mpya kuzaliwa ndani ya maili tatu kutoka mji uliopo iliondolewa. Gavana Sonny Perdue akatia saini. Tarehe 21 Juni 2005 wakazi wakapiga kura na asilimia 94 wakasema ndiyo. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo mji ukaanza kazi, Galambos akiwa meya wake wa kwanza.

Dunia nzima ya wataalamu wa serikali za mitaa ilikuja kuutazama kwa sababu nyingine: ukiacha polisi na zimamoto, karibu kila kazi ilikabidhiwa kampuni binafsi ya CH2M Hill kwa mkataba. Mji wa karibu watu laki moja ulikuwa na watumishi wa kuhesabika. Ulisifiwa kama dawa ya urasimu. Mwaka 2019 halmashauri hiyohiyo iliamua kuajiri watumishi wake na kurudisha kazi nyingi mikononi mwake, baada ya hesabu kuonyesha kwamba ingeokoa takriban dola milioni 14 ndani ya miaka mitano. Nalitaja hilo kwa haraka kwa kuwa mjadala wa kampuni binafsi umewapotezea watu muda mwingi. Kilichobadilisha maisha ya watu wa Fulton ni mpaka, si mkataba.

Maana baada ya Sandy Springs mlango ulikuwa wazi. Johns Creek na Milton zikafuata mwaka 2006, zote kaskazini mwa Fulton. Katika kaunti ya jirani ya DeKalb ikaja Dunwoody mwaka 2008 na Brookhaven mwaka 2012. Kila mji ulipoondoka uliondoka na maduka yake, ofisi zake na nyumba zake za bei kubwa, na kodi ya huduma za mji iliyotoka humo haikuingia tena kaunti. Vituo vya zimamoto na bustani navyo vilihama: sheria ya jimbo ilipanga kwamba mji mpya unanunua bustani za kaunti kwa dola 100 kwa ekari. Ekari moja ya ardhi kaskazini mwa Atlanta, kwa dola mia! Kaunti iliyokopa kununua na kuendeleza ardhi hiyo kwa fedha za walipakodi wote iliikabidhi kwa bei ya kutupa. Na mafao ya uzeeni ya askari na wazimamoto waliohudumia maeneo hayo kwa miongo mingi? Hayo yalibaki kuwa deni la kaunti.

Kuna mambo ambayo mji mpya haukwepi, na watetezi wake wako sahihi kuyakumbusha. Mkazi wa Sandy Springs bado analipa kodi ya kaunti inayoendesha mahakama, gereza na mchango kwa hospitali ya umma ya Grady. Watoto wake bado wako katika shule za kaunti, kwa kuwa Katiba ya Georgia ya mwaka 1945 ilifunga mlango wa kuanzisha mifumo mipya ya shule za miji. Kinachoondoka ni fungu la huduma za mji: polisi, zimamoto, barabara, bustani, mipango ya ardhi. Lakini fungu hilo ndilo mkazi analoliona kila siku akitoka mlangoni.

Sasa tushuke kusini. Mwaka 2007 wakazi wa eneo la kaunti lililobaki kusini mwa Fulton waliulizwa kama wanataka mji wao. Walikataa, tena kwa wingi mkubwa sana. Waliridhika na kaunti na hawakuona sababu ya kuongeza serikali nyingine juu ya vichwa vyao. Novemba 2016 waliulizwa tena, na safari hii wakakubali. Tarehe 1 Mei 2017 ukazaliwa mji wa South Fulton, ambao sensa ya 2020 iliukuta na watu zaidi ya 107,000, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa Weusi.

Nini kilibadilika katikati? Kaskazini yote ilikuwa imeshaondoka. Miji ya jirani ilikuwa inamega vipande vya kusini kimoja baada ya kingine, ikifuata maeneo yenye biashara. Kaunti iliyokuwa na maelfu ya walipaji wa fungu la huduma za mji sasa iliwategemea hao waliobaki tu. Watu wa kusini hawakuingia 2016 wakiwa na ndoto ya miaka thelathini kama ya Galambos. Wengi waliingia wakijua kwamba wasipojifungia ndani ya mpaka wao, watamegwa mpaka wabakie na makazi matupu yasiyo na duka la kulipa kodi. Hata walipopata mji, ukanda wa viwanda wa Fulton Industrial, wenye maghala na kodi nzito, ulibaki nje ya mpaka wao kwa sababu ya sheria ya zamani iliyozuia miji kuuchukua.

Nimesoma watu wakiitaja South Fulton kama ushahidi kwamba mfumo huu ni wa haki kwa wote, kwamba hata Weusi wamepata mji wao. Mimi nasoma tofauti. Watu waliosema hapana mwaka 2007 walisema hapana wakiwa huru. Waliposema ndiyo miaka tisa baadaye, majirani walikuwa wameshawaamulia. Hakuna kura iliyopigwa Sandy Springs, Milton au Johns Creek ambayo mkazi wa kusini aliruhusiwa kushiriki, ingawa kila mojawapo ilipunguza alichonacho.

Mchungaji Joseph Lowery, mmoja wa wenzake Martin Luther King, pamoja na wabunge Weusi wa Georgia walilipeleka jambo hili mahakama ya shirikisho mwaka 2011, wakidai kwamba miji hiyo mipya ilichorwa kwa namna inayopunguza nguvu ya kura za Weusi. Walishindwa, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikabariki uamuzi huo. Kisheria mjadala ukafungwa kwa kiasi kikubwa. Mimi naamini walikuwa wanauliza swali sahihi hata kama sheria haikuwa na jibu lake.

Aliye na shaka kuhusu uzito wa ramani aitazame Louisiana. Kusini mashariki mwa Baton Rouge kikundi cha wakazi kilianza kwa kutaka wilaya yao ya shule. Kilipokwama bungeni kikaamua kuunda mji uitwao St. George. Jaribio la kwanza la kukusanya saini lilianguka mwaka 2015 kwa upungufu wa saini 71. Walichofanya baadaye ni funzo tosha: walirudi na ramani ndogo zaidi, na baadhi ya mitaa yenye Weusi wengi iliyokuwemo kwenye ramani ya kwanza ikaachwa nje. Tarehe 12 Oktoba 2019, asilimia 54 ya waliopiga kura ndani ya mpaka huo mpya walisema ndiyo. Waliobaki Baton Rouge hawakuwa na karatasi ya kura. Meya wao, Sharon Weston Broome, alikwenda mahakamani na kushinda ngazi ya chini, lakini tarehe 26 Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Louisiana ikaupa mji uhai kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Asilimia 54 ya nani? Ya wale ambao waandaaji walichagua kuwauliza. Ukiruhusiwa kuchora orodha ya wapiga kura wako baada ya kuona nani alitia saini na nani alikataa, ushindi ni suala la subira tu.

California walilitambua tatizo hili mapema kuliko wengine, labda kwa kuwa waliona vituko vyake kwanza. Mwaka 1957 wenye viwanda katika kaunti ya Los Angeles waliunda mji wao, City of Industry, mahali palipokuwa na viwanda na reli kuliko watu. Sheria ilitaka wakazi 500. Ili kufikia idadi hiyo walihesabu hata wagonjwa wa akili waliolazwa katika kituo cha matibabu kilichokuwa humo. Mwaka 1963 jimbo likaunda tume katika kila kaunti, zinazojulikana kwa kifupi cha LAFCO, na leo hakuna mji unaozaliwa bila kupita kwao. Saini za robo ya wapiga kura wa eneo, uchambuzi wa kina wa fedha, mikutano ya hadhara, na tume ina uwezo wa kuubadilisha mpaka uliopendekezwa. Tangu 1992 lipo sharti jingine ambalo Georgia hawana: mji mpya haupaswi kuiacha kaunti na hasara. Kama unaondoka na mapato makubwa kuliko gharama unazoiondolea kaunti, unailipa kaunti fidia kwa miaka iliyokubaliwa.

Nikisoma sharti hilo nasema hapa ndipo penye haki. Kisha naitazama East Los Angeles, na furaha inapungua. Ni eneo la watu karibu 120,000, karibu wote wenye asili ya Kilatino, lenye historia na utambulisho kuliko miji mingi ya jimbo hilo. Wamejaribu kuwa mji tangu miaka ya 1960. Februari 2012 tume ilikataa ombi lao kwa sababu mapato hayatoshi: maduka machache makubwa, nyumba za bei ndogo, hakuna ofisi. Mwaka mmoja kabla, jimbo lilikuwa limeinyang'anya miji mipya mgawo wa ada za magari, na mji wa Jurupa Valley, uliozaliwa Julai 2011, ukaponea chupuchupu kufa na kuendelea kuhangaika mpaka fedha hizo zilipofidiwa mwaka 2017. Baada ya Jurupa Valley ilipita miaka 13 bila mji mpya California nzima, hadi Mountain House ulipoanza tarehe 1 Julai 2024, na huo ulikuwa mji uliopangwa tangu mwanzo na kujengwa kwa ramani, si mtaa wa zamani wa wafanyakazi.

Kwa hiyo sheria ya California inawazuia matajiri kukimbia na kapu, na wakati huohuo inawaambia maskini kwamba kujitawala ni kwa wenye maduka. Sioni njia rahisi ya kulifumba pengo hilo. Ninachokiona ni kwamba tume ya California walau inauliza maswali yote mawili, la mji unaozaliwa na la kaunti inayobaki, na inayauliza hadharani, mbele ya watu wa pande zote, kabla kura haijapigwa.

Hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Clarkston, katika kaunti ya DeKalb, ni mji mdogo uliopokea wakimbizi tangu miaka ya 1980, na leo familia nyingi za Wakongomani zinazozungumza Kiswahili ziko hapo na pembezoni mwake. Wengi wanaosema wanaishi Clarkston hawamo ndani ya mji. Anwani ya posta inasema Clarkston, lakini jengo lao la kupanga liko kwenye ardhi ya kaunti. DeKalb bado ina maeneo makubwa ya namna hiyo, na ni kaunti ambako ramani za miji mipya zimechorwa na kugombaniwa bila kupumzika. Tucker na Stonecrest zilipita. Pendekezo la LaVista Hills lilianguka Novemba 2015 kwa kura zisizofika mia mbili.

Katika kura kama hizo mkimbizi aliyefika juzi hana sauti. Kura ni ya raia, na mkimbizi husubiri takriban miaka mitano kabla ya kuomba uraia. Yeye ni mpangaji. Kodi ya majengo hailipi kwa mkono wake, anailipa ndani ya kodi ya nyumba. Mji mpya ukiamua kwamba majengo ya kupangisha yamezidi, atakayehama ni yeye. Lipo pia la usimamizi. Stonecrest haikumaliza miaka mitano kabla meya wake wa kwanza, Jason Lary, hajashtakiwa na hatimaye kukiri kosa la kuiba fedha za msaada wa Uviko-19. Mwaka 2022 alihukumiwa kifungo cha miezi 57. Mji mchanga hauna wakaguzi waliozoea, wala magazeti yanayoufuatilia, na madiwani wake ni wageni wa kazi.

Kwa hiyo kijana mwenye fomu akibisha hodi na kusema tunaanzisha mji, akitaka kura yangu nitamuuliza ramani kwanza. Nani aliichora, na kwa nini mpaka umekatia barabara hii badala ya ile? Duka kubwa la kule limo, mbona maghorofa ya wapangaji yaliyo jirani nalo hayamo? Deni la kaunti lililojenga bustani hii litalipwa na nani? Wakazi wa kaunti ya Cobb, huko huko Georgia, waliuliza maswali kama hayo Mei 2022 na wakaziangusha ramani tatu siku moja: East Cobb, Lost Mountain na Vinings. Miezi sita baadaye wapiga kura wa eneo jingine la kaunti hiyohiyo wakauridhia mji wa Mableton, na haikuchukua muda baadhi ya mitaa iliyokuwa imesema hapana ikaanza kudai itolewe. Watu wa mitaa hiyo walijikuta ndani bila kutaka, sawa na wengine wanaojikuta nje bila kutaka.

Kuna mfano mmoja ambao ningependa kila mbunge wa Georgia ausome. Katiba ya jimbo jirani la Tennessee inasema kwamba jiji na kaunti haviwezi kuunganishwa mpaka pande mbili zikubali kila moja kwa hesabu yake: wakazi wa jiji peke yao, na wakazi wa kaunti walio nje ya jiji peke yao. Novemba 2010 Memphis na kaunti ya Shelby walipiga kura hiyo. Ndani ya Memphis ndiyo zilishinda kwa tofauti ndogo. Nje ya Memphis watu walikataa kwa wingi mkubwa, na pendekezo likafa papo hapo. Hakuna aliyesema watu wa vitongojini hawastahili kuulizwa. Ilionekana ni haki yao ya wazi, kwa kuwa mpaka wao ndio uliokuwa unaguswa.

Mpaka wa mkazi wa kusini mwa Fulton uliguswa vilevile. Ikiwa anayeunganishwa anapewa sanduku lake la kura, anayeachwa naye apewe lake. Georgia inaweza kuandika sharti hilo katika sheria ileile inayodai huduma tatu: kura zihesabiwe mara mbili, ndani ya mpaka na katika eneo la kaunti linalobaki, na upande unaobaki ukikataa, mji uweze kuzaliwa tu baada ya kukubaliana na kaunti kuhusu fidia, bei halisi ya bustani na vituo vya zimamoto, na sehemu yake ya mafao ya wazee waliouhudumia. Sandy Springs, kwa mapato yake, ingeweza kulipa gharama hiyo mwaka 2005 na bado ikawa mji uleule ulioutaka.